Kupiga Picha na Kupigwa Picha: Uhalisi na Kujionyesha katika Picha za Studio za Pwani ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza suala la uhalisi katika picha za watu zilizopigwa studio, hususan zile zinazohusu pwani ya Afrika Mashariki, tangu nusu ya pili ya karne ya 19 hadi mwishoni mwa karne ya 20. Inapinga mtazamo unaopima ukweli wa picha kwa kuuliza kama mavazi, vifaa na mkao vilikuwa vya maisha ya kila siku ya mhusika. Inadai kwamba kila picha ya mtu ni ya kupangwa, na kwamba tofauti ya msingi kati ya picha na picha ni ya mamlaka: nani aliamua mkao, nani aliandika maelezo, na picha ilikusudiwa macho ya nani.

1.0 Utangulizi

Mtu anayekwenda studio ili apate picha yake husema kwa Kiswahili, "Nakwenda kupiga picha." Fundi anayemsubiri nyuma ya kamera naye husema kwamba anapiga picha. Kitenzi ni kimoja, watendaji ni wawili. Umbo la kutendwa, yaani "kupigwa picha", lipo pia katika lugha, na si lazima liashirie shuruti. Hata hivyo, ndilo linalofaa pale ambapo mhusika hakuomba, kwa mfano mshukiwa anapopigwa picha na polisi. Matumizi haya ya kawaida yanabeba hoja ambayo uchambuzi wa picha huipita mara nyingi, nayo ni kwamba anayekaa mbele ya lenzi anaweza kuwa mtenda, wala si kitu kinachotendwa tu.

Picha za studio za zamani hutumiwa kwa shaka na baadhi ya watafiti. Inafahamika kwamba pazia la nyuma limechorwa, kwamba saa ya mkononi huenda ni mali ya studio, na kwamba koti limeazimwa kwa robo saa. Kutokana na hayo huhitimishwa kwamba picha ya namna hiyo ni ya kujifanya, na kwamba ukweli utafutwe katika picha iliyopigwa bila ya mtu kujua. Hekima ya mapokeo nayo huonekana kuunga mkono shaka hiyo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na tena, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Makala hii inadai kwamba shaka hiyo imeelekezwa mahali pasipostahili. Ili kulionyesha hilo, itapitia kwanza mipaka ya ufundi wenyewe, kisha mifano mitatu: picha ya Sayyida Salme iliyopigwa Ujerumani, postikadi za Zanzibar za mwanzoni mwa karne ya 20, na picha za studio za mijini za miongo iliyofuata. Katika mjadala wote, istilahi "mwenye sura" itatumika kwa maana ya mtu aonekanaje ndani ya picha, ili atofautishwe na "mwenye picha", yaani anayeimiliki nakala yake. Kama itakavyoonekana, wawili hawa si mtu mmoja siku zote.

2.0 Mipaka ya Ufundi

Dhana kwamba kamera husema kweli ina umri sawa na kamera yenyewe, na shaka juu ya dhana hiyo haikuchelewa kufuata. Ufundi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839. Mwaka uliofuata Mfaransa mwingine, Hippolyte Bayard, aliyeona kwamba uvumbuzi wake mwenyewe umepuuzwa, alijipiga picha akiwa amejifanya maiti ya mtu aliyezama majini. Hivyo basi, tangu mwanzo kabisa sura ya mtu katika picha ilikuwa pia mahali pa kudai jambo.

Aidha, mengi yanayosomwa kama tabia ya mwenye sura ni matokeo ya ufundi. Mabamba ya awali yalihitaji muda mrefu wa kupokea mwanga, kwanza dakika na baadaye sekunde kadhaa. Mteja alitakiwa asitikisike, na mara nyingi kichwa chake kiliegemezwa kwenye nguzo ya chuma iliyofichwa nyuma yake. Ukavu wa nyuso katika picha za karne ya 19, ambao baadhi ya wasomaji huuita haiba na wengine huuita hofu, ulitokana kwa sehemu na nguzo hiyo. Vivyo hivyo kuhusu rangi: mabamba ya wakati huo yalipokea vizuri mwanga wa buluu lakini hayakuhisi wekundu. Kwa sababu hiyo nguo nyekundu ilitokea karibu nyeusi, na ya buluu ikapauka. Mtafiti anayetaja rangi ya kanga kwa kutazama picha ya mwaka 1900 anakisia tu. Hatimaye, fundi aliweza kuisahihisha negativu kwa ncha ya penseli, akafuta makunyanzi na kulainisha mashavu kabla ya kuchapa.

Inaweza kujibiwa kwamba picha ya kitambulisho walau haina mapambo. Lakini hata hiyo ni aina ya picha yenye kanuni zake. Katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris aliweka utaratibu wa kumpiga mshukiwa picha mbili, moja ya uso kwa mbele na nyingine ya ubavuni, kwa umbali na mwanga uliokwisha kupangwa. Picha ya pasipoti hufuata mantiki ya namna hiyo: uso mbele, pazia tupu, pasiwe na tabasamu. Hakuna mtu aendaye sokoni akiwa na uso wa pasipoti. Mkao huo nao umepangwa. Aliyeupanga ni dola, wala si mwenye sura.

Hitimisho la sehemu hii ni kwamba swali "Je, picha hii imepangwa?" halitofautishi chochote, kwa kuwa jibu lake ni ndiyo daima. Erving Goffman (1959) alikwisha kuonyesha kwamba hata nje ya studio watu hujipanga mbele ya wenzao. Swali lenye manufaa ni jingine: picha imepangwa na nani, na kwa ajili ya nani?

3.0 Binti wa Sultani katika Studio ya Ujerumani

Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844. Aliondoka kisiwani kwa siri mwaka 1866, akabatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, kisha akaishi naye Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali, naye akabaki ugenini na watoto wadogo. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886.

Picha yake iliyoenea kuliko zote inamwonyesha akiwa katika mavazi ya mabinti wa nyumba ya kifalme ya Zanzibar, pamoja na vito. Msomaji asiye na habari huidhania kuwa imepigwa Unguja, ndani ya kasri. La hasha, ilipigwa studio huko Ujerumani, wakati mwenye sura alikuwa akiishi kama mke wa Kijerumani na kuvaa kama wanawake wa mji huo. Zipo pia picha zake akiwa katika mavazi ya Kizungu.

Ni ipi kati ya hizo iliyo halisi? Kipimo kikiwa ni maisha ya kila siku, basi picha ya mavazi ya Kizungu ndiyo ya kweli na ile nyingine ni mchezo wa kuigiza. Kipimo kikiwa ni asili, mambo yanapinduka: mavazi ya Zanzibar ni yake tangu utotoni, na gauni la Hamburg ndilo la kuazima. Kipimo kinachotoa majibu mawili yanayopingana kwa mtu mmoja hakifai kuwa kipimo. Kilicho wazi ni kwamba kila moja ya picha hizo inatoa dai. Ile ya mavazi ya kifalme inadai kwamba mwanamke huyu, aliyebadili dini, jina na nchi, hajaacha kuwa binti wa Sayyid Said. Ni dai lile lile analolitoa katika anwani ya kitabu chake, anapojiita binti mfalme wa Kiarabu. Na dai hilo lilikuwa kweli.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba mamlaka yake yalikuwa kamili. Watazamaji wa Ulaya wa wakati ule walikuwa na hamu ya kuona "mabinti wa Mashariki", na picha ya Salme ilikidhi hamu hiyo. Alijionyesha kwa lugha ya picha ambayo tayari watazamaji wake walikuwa na tafsiri yake. Hii ndiyo hali ya kawaida ya kujionyesha: mtu huchagua, lakini huchagua miongoni mwa vilivyopo. Jambo lililomtofautisha Salme na wanawake watakaojadiliwa katika sehemu inayofuata ni kwamba jina lake halikutenganishwa na sura yake.

4.0 Postikadi: Sura Isiyo na Jina

Watawala wa Zanzibar waliielewa mapema nguvu ya picha. Sayyid Barghash alipozuru Uingereza mwaka 1875 alipigwa picha pamoja na maafisa wake, na picha hiyo ikahifadhiwa kwa jina na cheo chake. Katika miongo iliyofuata mji wa Zanzibar ulikuwa na studio za wapigapicha wenye asili ya Goa, wakiwamo familia ya Gomes na ndugu wa Coutinho. Studio hizo zilihudumia wateja waliolipia picha zao wenyewe, na wakati huo huo zilitengeneza picha za kuuzwa kwa abiria wa meli. Biashara ya postikadi ilipokua mwanzoni mwa karne ya 20, picha za wenyeji zikawa bidhaa iliyosafiri mbali sana.

Wanaoonekana mara nyingi katika postikadi hizo ni wanawake: wamesimama wawili wawili kwa kanga zilizofanana, au wakisukana nywele mbele ya pazia la studio. Chini yake huandikwa, kwa lugha ya kigeni, maneno yenye maana ya "mwanamke wa Kiswahili" au "uzuri wa Zanzibar". Jina halipo. Mtu mmoja amefanywa kuwa mfano wa kundi zima.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka historia ya mavazi izingatiwe. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo mavazi yalimtenga muungwana na mtumwa: kufunika kichwa kulikuwa alama ya uungwana, na kaniki na merikani zilikuwa vazi la watumwa. Laura Fair (2001) ameonyesha jinsi watu waliotoka utumwani walivyotumia mavazi mapya, kanga zikiwa mbele, kudai nafasi yao katika jamii ya Zanzibar. Kwa hiyo mwanamke aliyesimama mbele ya kamera mwaka 1900 au 1910 akiwa amejitanda kanga mpya huenda alikuwa akitangaza jambo zito kuliko urembo. Huenda alikuwa akisema, kwa nguo badala ya maneno, kwamba yeye sasa ni mtu huru. Mchambuzi anayesema kwamba "amejipamba ili aonekane asivyo" anarudia, bila ya kujua, hoja ya mabwana wa zamani, waliomkatalia mtumwa vazi la muungwana kwa madai kwamba halimstahili.

Kwa mantiki ya makala hii, uwongo wa postikadi haumo katika mkao wala katika kanga. Umo katika maelezo ya chini yake, na katika safari ambayo mwenye sura hakuiamua. Picha ile ile, ikiwa imelipiwa naye na kutundikwa ukutani mwake, ingekuwa ushahidi wa nafsi yake. Ikiuzwa gatini bila jina lake, inakuwa ushahidi wa soko. Hakuna mstari hata mmoja wa picha uliobadilika. Mwanamke huyu amepigwa picha, hakupiga.

Ni kweli kwamba kutokuwapo kwa jina hakutoshi kuthibitisha kwamba mwenye sura hakuridhia. Huenda baadhi walilipwa, na huenda wengine walifurahia kupigwa picha. Lakini kuridhia kukaa mbele ya kamera si sawa na kuridhia kuwa kielelezo cha watu wote wa pwani katika nyumba za wageni wasiojulikana.

5.0 Studio za Mijini na Pazia Lililochorwa

Katika karne ya 20 studio ziliingia katika maisha ya watu wengi zaidi. Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyopata wateja wa jumuiya mbalimbali za mji katikati ya karne hiyo. Lamu ilikuwa na studio ya Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa kuunganisha vipande vya picha kadhaa ndani ya picha moja. Katika miaka ya 1990 wapigapicha wa vibanda vya kivuko cha Likoni, ambao wamechunguzwa na Heike Behrend, waliwasimamisha wateja wao mbele ya mapazia yenye meli, ndege na majengo ya fahari.

Je, kijana aliyesimama Likoni mbele ya ndege iliyochorwa alimdanganya nani? Udanganyifu unahitaji mdanganywaji. Mpigapicha alijua kwamba ndege ni rangi juu ya kitambaa, mteja alijua, na jamaa aliyetumiwa picha aliweza kuona mikunjo ya pazia. Baina yao palikuwa na mapatano yasiyotamkwa, kama yale yaliyopo baina ya mtambaji na wasikilizaji wake. Anayeanza hadithi kwa "Paukwa!" hashitakiwi kwa kusema uongo, kwa sababu wanaoitikia "Pakawa!" wameukubali mlango wanaoingilia. Pazia la studio ni mlango wa namna hiyo. Linasema: hapa yataonyeshwa yanayotamaniwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Wapo waliotuma picha nyumbani wakiwa na suti ya studio ili waonekane wamefanikiwa mjini ilhali hawana kitu. Hapo nguo ya kuazima imekusudiwa kudanganya. Pingamizi hili ni la haki, na makala hii haidai kwamba picha haiwezi kutumika kwa uongo. Inachodai ni kwamba uongo huo hautambuliki kwa kuitazama suti. Picha mbili zenye suti ile ile, kutoka studio ile ile, zinaweza kuwa moja ya ukumbusho wa sikukuu na nyingine ya ulaghai. Kinachozitenganisha ni barua iliyozisindikiza na yale ambayo mpokeaji aliaminishwa. Tena, hata picha ya ulaghai ni hati ya kweli ya jambo moja: inaonyesha kile ambacho mtumaji alidhani nyumbani wanakitarajia kwake. Kwa mwanahistoria, matarajio hayo ni maarifa ambayo rejesta ya mishahara haiwezi kumpa.

6.0 Sitara na Safari ya Picha

Suala la mamlaka haliishii siku ya kupiga picha. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, picha za wanawake hazikukusudiwa kila jicho. Ziliwekwa katika albamu zilizofunguliwa mbele ya jamaa na mashoga, na si sebuleni mwa kila mgeni. Behrend (2013) ameeleza jinsi, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wanawake wengi wa pwani walivyozidi kuiwekea kamera masharti, hasa katika sherehe za harusi. Haifai kuyasoma masharti hayo kama chuki dhidi ya picha. Yanaonyesha kwamba kwa mwenye sura kujionyesha na kujisitiri ni tendo moja lenye pande mbili: mtu huchagua aonekane vipi, na pia aonekane kwa nani. Picha iliyopigwa kwa masharti hayo ni amana.

Amana hiyo huvunjwa kwa urahisi, hata na wenye nia njema. Mfano unaofahamika unatoka nje ya pwani hii, huko Bamako nchini Mali, alikofungua Seydou Keïta studio yake mwaka 1948. Wateja wake walichukua nakala ndogo za kuwekwa nyumbani au kutumiwa jamaa. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila ya jina la mpigapicha. Baadaye jina lake lilitambuliwa, akaheshimiwa kwa onyesho la Paris la mwaka 1994, na picha zake zikachapwa kwa ukubwa wa kutundikwa katika makumbusho. Mpigapicha alirudishiwa jina lake. Wengi wa waliokaa mbele ya kamera yake wamebaki "mwanamke mwenye gauni la maua" au "kijana mwenye miwani". Nakala zimepata wenye picha wapya; wenye sura hawakuulizwa.

Hatari hiyo hiyo inazikabili hazina za picha za pwani, ambazo sasa zinachapishwa vitabuni na kusambazwa kwa intaneti. Picha iliyotoka ndani ya albamu ya familia ikawekwa mbele ya watazamaji wote bila jina na bila ridhaa inafanana zaidi na postikadi ya mwaka 1910 kuliko na picha aliyoilipia mwenyewe. Mtafiti anayeichapisha ili kuitukuza anaweza, kwa tendo hilo hilo, kumgeuza aliyepiga picha kuwa aliyepigwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba uhalisi wa picha ya mtu hautafutwi katika kutopangwa kwake. Salme katika mavazi ya kifalme, mwanamke wa postikadi katika kanga yake, na kijana wa Likoni mbele ya ndege, wote wamepangwa. Wanachotofautiana ni kiasi cha sauti waliyokuwa nayo katika kupangwa huko.

Kutokana na mjadala huu, inapendekezwa kwamba mtafiti anayeitumia picha ya studio kama ushahidi aulize maswali manne. Kwanza, nani alilipia picha? Pili, mkao, mavazi na vifaa vilichaguliwa na nani, na ni vipi kati ya hivyo vilivyolazimishwa na ufundi wa wakati huo? Tatu, maelezo yanayoisindikiza picha yaliandikwa na nani, na je, yanalitaja jina? Nne, picha ilikusudiwa macho ya nani, na ilifikaje mbele ya macho ya mtafiti? Pale jibu lisipopatikana, pengo hilo liandikwe wazi kuwa ni pengo, badala ya kuzibwa kwa maneno kama "Mswahili wa kawaida".

Kazi ya kwanza na ya haraka ni ya majina. Wazee wanaowatambua walioonekana katika picha za miaka ya 1940 na 1950 wanazidi kupungua, na albamu nyingi hazina maandishi. Mtafiti atakayekaa na bibi mwenye albamu yake, akaandika nani ni nani, nguo ilikuwa ya nani, na ni picha zipi asizotaka zitoke nje ya chumba kile, atakuwa amewafanyia wenye sura haki ambayo postikadi iliwanyima.